Machipuko ya Kaskazini Huanzia Kwenye Tope Letu

Hotuba iliyotolewa mjini Mombasa mwanzoni mwa mwezi wa Machi, mbele ya wazee wa mtaa, wavuvi, walimu na wanafunzi

Wazee wangu, kina mama, walimu, mabaharia na wavuvi mliokubali kuacha shughuli zenu za alasiri, nanyi vijana mliojazana huku nyuma: assalaam alaykum, na kwa wote, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya dalili za mwanzo za majira ya machipuko, na najua kwamba baadhi yenu mlipoisikia mada hii mlijiuliza ni machipuko gani hayo yanayotafutwa Mombasa, mji usioijua theluji, ambao miti yake haikai mitupu miezi minne ikingoja jua, na ambao watu wake mwezi huu wa Machi hawaombi joto lije bali wanaomba lipungue. Swali hilo ni la haki. Jibu langu, nalo ndilo nitakalolitetea alasiri hii yote, ni kwamba machipuko ya Ulaya na ya Asia ya kaskazini yana dalili zinazoonekana hapa kwetu wiki kadhaa kabla hayajaonekana huko kwenyewe, na kwamba sehemu kubwa ya machipuko hayo, ile yenye mbawa, hulishwa na kutayarishwa kwenye tope la hori zetu.

Ni vyema tuanze na huko kaskazini, maana wenzetu wa huko wamelichukua jambo hili kwa uzito. Mwaka 1736 bwana mmoja mwenye mashamba katika jimbo la Norfolk, Uingereza, aliyeitwa Robert Marsham, alianza kuandika kila mwaka tarehe za mambo madogo madogo aliyoyaona shambani mwake: ua la kwanza la msituni, majani ya kwanza ya mti huu na ule, siku chura alipoanza kulia, siku kunguru wa kwao walipoanza kujenga viota, siku mbayuwayu alipofika, na siku kekeo, yule ndege atagaye mayai yake katika viota vya wenzake, aliposikika kwa mara ya kwanza. Dalili alizozifuatilia zilikuwa 27, na alipofariki jamaa zake waliirithi kazi hiyo kizazi baada ya kizazi mpaka mwaka 1958. Japani nako, katika mji wa Kyoto, tarehe za kuchanua kwa maua ya micheri zimekusanywa kutoka katika shajara na kumbukumbu za kale kuanzia mwaka 812. Ndiyo maana, maua yale yalipofikia kilele chake tarehe 26 Machi 2021, watu waliweza kusema bila kubahatisha kwamba katika kumbukumbu za zaidi ya miaka 1,200 hayakuwahi kuchanua mapema kiasi hicho.

Sasa ziangalieni dalili za Marsham kwa makini. Ua na chura walikuwapo Norfolk majira yote ya baridi, wamejificha ardhini. Mbayuwayu na kekeo hawakuwapo. Wakati wa Marsham wasomi wa Ulaya walikuwa bado wanabishana mbayuwayu huenda wapi, na walikuwapo walioamini kwa dhati kwamba ndege hao hulala chini ya maziwa, ndani ya matope, mpaka jua litakaporudi. Kwa miaka yote hiyo mababu zetu waliwaona mbayuwayu wakikata hewa juu ya mapaa ya Mji wa Kale kila kaskazi, ila hakuna aliyefika kuwauliza.

Tuje kwetu. Tangu mwezi wa Desemba tumekuwa chini ya kaskazi, upepo mkavu uliozoea kuwaleta hapa wageni wa Arabuni na Bara Hindi. Mnamo tarehe 10 ya mwezi huu jua la adhuhuri litapita sawasawa juu ya utosi wa Mombasa, na kijiti kilichosimamishwa wima kitakosa kivuli. Siku kumi hivi baadaye litaivuka ikweta kwenda kaskazini, na huko mchana utaanza kuuzidi usiku. Huku kwetu kaskazi hulegea. Bahari hulala shwari, jasho halikauki, mikungu iliyokwisha kugeuza majani yake kuwa mekundu huyapukutisha barabarani, na wavuvi husema tumeingia tanga mbili, kipindi ambacho upepo hauna upande wa kutegemewa, mpaka kusi ishike hatamu na mvua za mwaka ziifuate. Bamvua la Machi nalo huwa kubwa kuliko mabamvua mengi ya mwaka. Maji hupwa mbali na kuacha wazi tope ambalo miezi mingine halipati nafasi ya kuliona jua.

Kwenye tope hilo ndiko ninakotaka tutazame. Maji yakipwa katika hori ya Tudor, utaona uwanda mweusi unaong'aa, umejaa vitundu vya kaa na vijilima vilivyotemwa na minyoo, na juu yake mamia ya ndege wadogo wanaotembea wameinamisha vichwa, wakichoma midomo yao topeni bila kupumzika. Wengi wetu huwaita vitwitwi bila kubagua, na si kosa, kwa sababu mwezi wa Novemba hata mwenye darubini hupata tabu kuwatofautisha: wote ni wa kijivu mgongoni na weupe tumboni. Katika hao kuna mmoja ambaye ningependa mmjue kwa sura. Ni mkubwa kidogo kuliko shomoro, ana miguu myeusi, na mdomo wake mrefu umepinda kidogo kuelekea chini. Mtazameni huyo kuanzia mwisho wa Februari. Kwanza unyoya mmoja mmoja wa rangi ya matofali hutokeza kifuani, na utadhani ni tope limemrukia. Baada ya wiki mbili madoa yameungana na kuwa viraka. Kufikia katikati ya Aprili madume wengi wamekuwa wekundu kuanzia usoni mpaka tumboni, na majike nao wamegeuka, ingawa rangi yao imepauka zaidi. Si yeye peke yake. Kuna mwenzake mnene wa kijivu ambaye tumbo lake hugeuka jeusi tititi, na kuna wengine wawili wafupi wa mdomo ambao huvaa mkanda wa rangi ya kutu kifuani.

Rangi hiyo si ya Mombasa. Hapa hakuna anayetaga, hakuna anayeposa. Ni vazi la nchi ya Taimyr, huko Siberia kaskazini kabisa mwa Urusi, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka hapa, ambako leo hii ninapozungumza ardhi imefunikwa na theluji na bahari imeganda. Theluji hiyo haitayeyuka hadi mwezi wa Juni. Ndege huyu anapovaa nguo zake za machipuko mbele ya macho yetu, machipuko yenyewe yako mbali kwa miezi mitatu.

Pamoja na kuvaa, anakula. Kila maji yanapopwa, mchana na hata usiku, hushuka topeni na kutafuta minyoo, konokono wadogo na vijikaa, na chakula hicho hugeuzwa kuwa mafuta yanayohifadhiwa chini ya ngozi. Ndege aliyekuwa na gramu 55 hivi mwezi wa Januari anaweza kufikisha gramu 80 kabla ya safari. Gramu hizo za ziada ndizo nauli yake ya hatua ya kwanza. Baada ya hapo atatua penginepo, atakula tena, ataendelea. Lakini hatua ya kwanza imelipiwa na tope la Tudor, Mtwapa, Port Reitz na Mida, wala hakuna mahali pengine pa kuilipia.

Mtaniuliza: amejuaje? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kule Norfolk mchana wa Desemba hauzidi saa 8, na wa Juni hukaribia saa 17, kwa hiyo mnyama yeyote mwenye macho anaweza kujua mwaka umefika wapi. Mombasa iko digrii 4 tu kusini ya ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa ni takriban nusu saa. Joto nalo haliwezi kumshauri, kwa sababu joto la hapa halina habari za Siberia. Mwanasayansi wa Ujerumani aliyeitwa Eberhard Gwinner alilishughulikia fumbo hili katika miaka ya 1960. Aliwaweka ndege wadogo wanaohama katika vyumba ambamo taa ziliwaka kwa saa 12 na kuzimwa kwa saa 12, siku zote sawa, bila dirisha la kuchungulia nje. Hata hivyo, wakati wao ulipowadia, ndege wale walibadilisha manyoya, wakanenepa, na usiku wakawa wanarukaruka vizimbani kwa kukosa utulivu, ilhali hapakuwa na chochote chumbani cha kuwaambia kwamba msimu umegeuka. Ndani ya mwili wao mlikuwa na saa inayohesabu mwaka. Kwangu mimi hili ni la ajabu kuliko safari yenyewe, kwa maana umbali unaweza kuupima kwa ramani, lakini yule kitwitwi anayekula mbele yako amebeba ndani yake mwezi wa Juni wa mahali ambapo, akiwa ni kinda wa mwaka uliopita, ameishi majuma machache tu.

Basi hufika jioni wanapoondoka. Siku za bamvua hapa Mombasa maji hujaa mnamo saa kumi, na kwa kuwa tope limefunikwa, ndege wote husongamana kwenye ukingo wa mchanga au juu ya mikoko. Kwa kawaida hutulia hapo wakilala kwa mguu mmoja. Mwisho wa Aprili hawatulii. Kikundi huruka, huzunguka, hurudi. Kelele huongezeka. Halafu, jua likikaribia kuzama, baadhi yao hupaa tena, na safari hii hawageuki; hujipanga mstari, huzidi kupanda huku wakiitana, na huelekea kaskazini mpaka jicho likawapoteza. Wazee waliofanya kazi ya majahazi wataitambua ratiba hii, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa yao: kuja na kaskazi, kukaa, na kuondoka mwanzo wa kusi kabla haijawa kali. Upepo ni uleule.

Wapo wengine wasiokaa topeni, ambao dalili zao ni za kusikia zaidi kuliko za kuona. Yuko ndege mmoja mdogo wa kahawia, mkia wake una wekundu kidogo, ambaye hujificha katika vichaka vizito vya pwani yetu tangu Novemba. Huyu ndiye bulbuli wa washairi wa Uajemi, na kwa Wazungu pia hakuna ndege aliyeimbwa zaidi yake. Watu wa Ulaya humngoja mpaka mwisho wa Aprili ili wamsikie usiku bustanini. Sisi twaweza kumsikia mwezi huu, asubuhi, kwenye vichaka vilivyo nyuma ya mashamba ya minazi. Huku wimbo wake mara nyingi huwa wa chinichini, wa mwimbaji anayejikumbusha, na mpita njia akidhani ni shore anayejisemea mambo yake hatalaumiwa.

Kekeo wa Ulaya na Asia yeye hufanya kinyume. Sauti yake inayotangazwa huko kuwa habari njema huku haisikiki kabisa. Hupita kwetu Machi na Aprili kimya kimya, akifuata viwavi wanaozuka pamoja na mvua. Mwaka 2019 watafiti walimfunga kekeo dume mmoja kifaa kidogo cha setilaiti nchini Mongolia, naye akapewa jina la Onon, ambalo ni jina la mto wa huko. Alikwenda kukaa Zambia. Mwaka 2020 alirudi kwa kupitia Kenya, akatua hapa nchini ale na apate nguvu, kisha akaivuka Bahari ya Hindi hadi India, na mwezi wa Mei alikuwa amekwisha kufika Mongolia. Mtu wa Mongolia aliyesikia kekeo siku hiyo akafurahi kwamba baridi imekwisha, alikuwa anafurahia, bila kujua, viwavi vya mvua ya Kenya.

Isije ikafikiriwa kwamba kila anayetuondokea anafuata theluji inayoyeyuka. Katika hori ya Mida, karibu na Watamu, hukaa ndege mrefu mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi uliokusudiwa kuvunja magamba ya kaa. Huyu naye huondoka mwezi wa Aprili, lakini haendi kwenye ubaridi. Huenda visiwa vya mchanga vya Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi wakati wa kiangazi kikali kabisa, huchimba shimo mchangani, na huko chini hutaga yai moja jeupe. Katika ndege wote wa pwani wa jamii hiyo ni yeye peke yake anayefanya hivyo. Wengine wote hutaga juu ya ardhi. Kadhalika keremkerem wekundu wanaolala kwenye mikoko ya pwani yetu wakati wa kaskazi, na ambao jua likizama huingia makundi kwa makundi, huelekea Ethiopia na majirani zake. Kuondoka kwao ni dalili ya kubadilika kwa mwaka, lakini si kila dalili inaelekeza mahali pamoja, na mwenye kutazama ndege ni lazima aikubali hali hiyo.

Huku hao wakiaga, wenyeji wanaanza. Nisingependa kutoka hapa nikiwa nimewaachia dhana kwamba sisi ni kituo cha abiria tu. Pwani hii ina machipuko yake, nayo huja na mvua za mwaka, ambazo kwa Mombasa hufikia kilele mwezi wa Mei. Dalili inayojulikana na kila mkulima, kuanzia Kwale hadi Malindi, ni dudumizi. Anapoanza kulia chini kwenye vichaka, ile sauti nzito inayoshuka ngazi kwa ngazi, watu husema mvua iko karibu na majembe hutafutwa. Wapo vijana wanaoudharau ujuzi huu. Mimi siudharau, ingawa nauwekea mpaka: dudumizi haiti mvua, bali msimu wake wa kuzaa huandamana na mvua, kwa hiyo hulia sana unyevu unapoongezeka, na kwa mkulima anayetaka kujua lini atie mahindi ardhini tofauti hiyo haimpunguzii faida yoyote.

Baadaye huja minana. Dume wa mnana, ambaye rangi yake ya manjano imekolea kwa msimu, hutua juu ya kuti la mnazi, huuma ukingo wa jani, kisha huruka akiwa hajaachia, na uzi mrefu wa jani huchanika pamoja naye. Nyuzi hizo hufumwa kuwa duara, duara likawa kikapu, na kikapu kikakaguliwa na jike ambaye mara nyingi hukikataa. Minazi mingine hubaki na makuti yaliyochanwachanwa hadi uti. Kwenye nyasi ndefu za mabondeni dume wa kweche, ambaye kwa miezi mingi alifanana na shomoro asiye na sifa yoyote, hugeuka mwekundu na mweusi na kupaa akivimbisha manyoya. Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha usiku, kumbikumbi hutoka kwenye vichuguu kwa maelfu, na asubuhi yake mbayuwayu wa mwisho ambao hawajaondoka, keremkerem, mwewe na hata kunguru hula karamu moja. Na kwa kuwa nimemtaja kunguru, niseme tu kwamba yule wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea pwani nzima, hula mayai na makinda ya hawa wote. Mkiona mnana amejenga karibu sana na baraza la nyumba yenu, huenda anatafuta ulinzi wenu.

Kama kuna anayedhani kwamba mambo haya yamekwisha kujulikana yote, nimpe mfano wa mnana wa Kilifi. Ndege huyu haishi mahali pengine popote duniani isipokuwa katika jimbo la Kilifi, na sayansi ilimtambua mwaka 1913. Kwa miaka 100 hakuna aliyejua anajenga wapi kiota chake. Watu walimwona katika msitu wa Arabuko-Sokoke, walimtafuta juu ya miti, hawakuambulia kitu. Mwaka 2013, baada ya mvua, viota vyake vilipatikana huko Dakatcha katika kidimbwi cha msimu, vimefumwa kwenye majani marefu yaliyoota majini. Alikuwa akingoja maji, na kila mwaka maji yalipokuja watu walikuwa wanamtafuta mahali pakavu.

Wazee wetu walikuwa na utaratibu wa kushika hesabu hizi. Mabaharia na wakulima wa pwani walihesabu siku kwa miongo, makumi kwa makumi, tangu Siku ya Mwaka, na kwa hesabu hiyo walijua mwongo wa kupanda, mwongo wa kutweka tanga, na mwongo wa kukaa bandarini. Hesabu hiyo ilifuata jua, ndiyo maana iliwafaa kwa mambo ya pepo na mvua ambayo kalenda ya mwezi mwandamo haiwezi kuyafuatia. Ninachokipendekeza kwenu leo si kigeni, basi. Ni kuiendeleza kazi hiyo, ila safari hii kwa kalamu.

Na kuna sababu ya kuiendeleza sasa. Saa iliyo mwilini mwa ndege ilipangwa na vizazi vingi mno, nayo haijui kwamba Ulaya inapata joto mapema kuliko zamani. Uholanzi kuna ndege mdogo mweusi na mweupe anayepitisha majira ya baridi Afrika Magharibi, na ambaye makinda yake hulishwa viwavi vya misitu ya mialoni. Machipuko yalipowahi, viwavi nao waliwahi. Ndege akafika kwa ratiba yake ileile na kukuta karamu inakaribia kwisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba, katika misitu ambayo viwavi waliwahi zaidi, idadi ya ndege hao ilishuka kwa takriban asilimia 90 ndani ya miaka 20. Waholanzi waliligundua hilo kwa sababu walikuwa na tarehe zilizoandikwa. Sisi, ikiwa vitwitwi wetu watachelewa kuwa wekundu, au wakiondoka wembamba, au mbayuwayu wakianza kutuaga mwezi wa Februari, tutalijuaje? Kwa maneno ya mzee mmoja kwamba zamani haikuwa hivi, na ya mzee mwingine kwamba hata zamani ilikuwa hivihivi.

Upande wa tope lenyewe nitasema kwa ufupi, maana nyinyi wa ukingoni mnayajua kuliko mimi. Mikoko ikikatwa, tope huchukuliwa na maji. Majitaka yakimwagwa horini bila kusafishwa, baadhi ya minyoo hufa. Mifuko ya plastiki ikitandazwa juu ya tope, mdomo wa ndege haupenyi. Na jambo moja ambalo watu hulichukulia kuwa mchezo: mbwa, au kijana, anayekimbiza kundi la ndege ufukweni mwezi wa Aprili. Kila wanaporuka bila sababu wanachoma yale mafuta waliyoyakusanya kwa wiki nzima. Ndege akifukuzwa mara tano kwa siku ataondoka na upungufu, na upungufu huo utamdai akiwa angani mahali pasipo na tope.

Kitabu cha kuandikia kimekwisha kununuliwa, nacho kitakaa kwa mwalimu aliyetukaribisha hapa. Mtu yeyote aandike, kwa Kiswahili, alichokiona: tarehe, mahali, maji yalikuwa yanajaa au yanapwa, upepo ulitoka wapi, na ndege gani. Asiyejua jina la ndege asibuni. Aandike rangi, miguu, mdomo, na alikuwa anafanya nini. Wavuvi mnaotoka alfajiri nawaomba sana mtuandikie siku kaskazi ilipokatika na siku kusi iliposhika, kwa sababu tarehe zote nyingine zitasomwa kwa kulinganishwa na hizo zenu. Na mbayuwayu wa mwisho ni mgumu kumwandika, kwa kuwa hujui kwamba alikuwa wa mwisho mpaka siku zipite. Basi kila mnayemwona kuanzia tarehe 1 Aprili mwandikeni.

Bamvua linalofuata tutakwenda pamoja ukingoni, upande wa Tudor. Tutakutana saa nane na nusu mchana, ili tuwakute ndege bado wanakula huku maji yakiwasogeza kuja kwetu, nasi tumekaa kimya, jua likiwa nyuma yetu. Darubini zipo tatu na tutapokezana. Vaeni nguo zisizong'aa, chukueni kofia na maji ya kunywa, na mbwa wabaki nyumbani. Sasa nitapokea maswali, na ningependa kuanza na yule mzee wa pale mbele, ambaye tangu nilipomtaja dudumizi amekuwa akitikisa kichwa.